Mwendo wa Makala

Wiki ya kwanza nilipanda kama mwenye deni.
Kutoka ziwani hadi Nyawera niliruka,
viwiko vikipepea, kifua mbele,
na pale Nyamugo inapoanza kunuka sambaza wa jana
pumzi ikanigeukia, ikakaa chini, ikakataa.
Nikashika ukuta wa duka la saruji.
Mtoto wa muuza vocha akanihesabia:
"Mama, umebakiza ngazi mia moja na kitu."

Nina miaka thelathini na tisa. Muuguzi, zamu ya usiku.
Viatu nilivichambua kwenye rundo la mitumba, Kadutu;
mwenye navyo wa kwanza alinizidi kidole gumba,
naijaza nafasi yake kwa soksi ya pili.
Mbio ni Jumamosi ya tatu ya mwezi wa kumi:
kilometa kumi na sita, vilima vitano,
na matope, ambayo hayahitaji kualikwa.

Bukavu haina barabara iliyolala.
Hata tambarare zake zimeegemea kitu.
Aliyeipima alikuwa na pimamaji,
akaiangusha ziwani siku ya kwanza, akanyamaza.

Wiki ya tatu nilimpita Nsimire.
Jina sikulijua bado. Niliona gunia,
gunia la makala lenye miguu miwili,
mkanda umekaza paji la uso.
Nikampita kwa madaha, nikasema pole mama bila kugeuka.
Kwenye kona ya tatu nilikuwa nimeinama,
mikono magotini, natema mate mazito,
na gunia likanipita.
Halikuharakisha. Halikupunguza.
Sauti ikatoka chini yake:
"Unamkimbia nani?"

Sikujibu. Hapa neno hilo lina mzigo wake.
Kila nyumba ya mtaa wetu inajua kujiandaa kukimbia:
vyeti kwenye mfuko wa nailoni nyuma ya mlango,
sufuria moja, ile yenye mfuniko,
mtoto mkubwa anajua atamshika nani mkono.
Mazoezi hayo tumeyafanya bila kocha.
Hakuna aliyetuambia tuanze polepole.

Kesho yake nikamvizia pale chini,
nikajipanga hatua tatu nyuma yake, jicho visiginoni.
Hatua fupi. Fupi mno,
kama za mtu avukaye chumba chenye mtoto mchanga aliyelala.
Mdomo umefungwa hadi ngazi ya arobaini,
kisha pumzi moja, ndefu, kupitia meno.
Hakutazama juu hata mara moja.
"Juu hapaendi popote," alisema,
"na bei ya gunia imeshapangwa."

Nilidhani kupanda ndio ufundi.
Kumbe kushuka!
Gunia tupu shingoni kama kitenge cha harusi,
Nsimire anateremka Cimpunda akicheka,
magoti laini, mikono wazi,
anaiachia ardhi imchukue
wakati mimi nakanyaga breki kila hatua,
mapaja yanalia, kucha zinasukuma soksi za watu wawili.
"Wewe unagombana na mteremko," akapiga kelele kutoka chini,
"na mteremko haujakukosea!"

Leo ni Ijumaa. Mvua inapiga mabati tangu saa kumi.
Kocha Bisimwa ametuma ujumbe: dakika saba kwa kilometa,
vilima vyote, bila visingizio.
Bisimwa ana saa nzuri na tumbo zuri.
Mimi nimekata kucha. Nimefunga kamba mara mbili,
nikazifungua, nikafunga tena, zisinibane nikivimba.
Nimechemsha viazi vitamu, nimetia chumvi kidogo kwenye maji.

Nilikosa mfuko wa kubebea.
Nikautoa ule wa nyuma ya mlango,
nikatoa vyeti, nikaweka viazi na chupa.
Nikasimama.
Nikavirudisha vyeti, chini, chini kabisa ya viazi.

Kesho watanipita wengi kilima cha kwanza.
Wapite. Nitawaambia pole.
Mimi naenda kwa mwendo wa makala.